Mashine ya boti ya zamani inayogoma kuwaka: anzeni hapa kabla ya kuniuliza

Tangu kaskazi ianze nimejibu swali hili zaidi ya mara kumi, na kila mara majibu ni yaleyale, kwa hiyo leo nayaandika mara moja. Ninazungumzia mashine za mipigo miwili zenye kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), zile kama Yamaha Enduro ya farasi 40 ambazo utazikuta katika fukwe zetu kuanzia Moa hadi Msimbati. Mwenye mashine mpya ya mipigo minne inayoendeshwa kwa kompyuta hatapata msaada mkubwa hapa. Fuateni mpangilio nilioutoa, kwa sababu kosa la wengi ni kuanza na bisibisi mkononi.

Hatua ya kwanza: hakikisha gia iko huru na klipu ya kamba ya usalama imechomekwa mahali pake.

Hatua ya pili: legeza skrubu ya hewa iliyo kwenye kifuniko cha tangi.

Hatua ya tatu: kagua mafuta. Mimina kidogo kwenye chupa inayoonyesha, uiache itulie kwa dakika kumi. Kama kuna maji, yatajitenga na kukaa chini. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 400 za oili katika lita 20, isipokuwa kitabu cha mashine yako kinasema vingine.

Hatua ya nne: pampu kile kipira kilicho kwenye mpira wa mafuta. Mshale wake uelekee kwenye mashine, nawe ukishike kikiwa kimesimama, mshale ukitazama juu, hadi kiwe kigumu. Kikikataa kuwa kigumu, hewa inaingia mahali fulani, na mara nyingi ni oringi ya kiungio iliyochakaa au mpira uliopasuka kwa jua. Kuna pia njia ya kupima mkiwa baharini: mashine ikianza kufifia, mwenzako apampe kwa mkono; ikichangamka, shida iko kwenye njia ya mafuta au kwenye daiframu ya pampu ya mashine.

Hatua ya tano: fungua plagi zote mbili uzisome. Plagi kavu baada ya kuvuta kamba mara nyingi maana yake ni kwamba mafuta hayafiki. Plagi iliyolowa maana yake mafuta yanafika ila moto, yaani cheche ya plagi, haupo, au mafuta yamezidi. Unapopima moto, gusisha mwili wa plagi kwenye chuma cha mashine, mbali na tundu la silinda, kwa sababu tundu hilo hutema mvuke wa petroli na cheche moja inatosha kukuunguza uso. Moto wa buluu unaolia ni mzima. Wa manjano uliofifia ni wa kutiliwa shaka.

Hatua ya sita ni kabureta, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoharibu. Mashine yangu ilikuwa inawaka kwa choki tu (ile inayobana hewa ili mashine baridi iwake), kisha inazima kila nikiishusha kwenye silensa, yaani mwendo wa chini kabisa wa kunguruma, dalili ambayo karibu kila mara ni jeti ndogo iliyoziba, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli. Nilifungua, nikaitoa jeti ile, ambayo tundu lake ni jembamba kama unywele, nikaizibua kwa waya mmoja nilioukata kwenye brashi ya chuma. Ilizibuka, nami nikajiona fundi. Baada ya hapo plagi zikawa zinageuka nyeusi kila baada ya siku mbili, moshi ukajaa, na safari ya Utende hadi Jibondo ikaanza kula mafuta ambayo hapo awali yalinitosha kwenda na kurudi. Nilibadilisha koili nzima, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, bila faida, hadi fundi mmoja mzee alipoitazama jeti ile kwenye mwanga wa jua akaniambia kwamba tundu si la duara tena. Shaba ya jeti ni laini, na chuma huila. Tumia hewa ya pampu na dawa ya kusafishia kabureta, au uzi mmoja laini wa nailoni ya kuvulia. Zaidi ya hayo, kabla ya kutoa skrubu ya kurekebishia silensa, ikaze taratibu hadi iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uiandike, kwa sababu huko ndiko utakakoirudisha.

Maswali ya wanachama

*Pangani:* Fundi, mashine yangu haiwaki, nimevuta kamba hadi mkono umekufa ganzi. Nifanyeje?

Hatua ya kwanza hadi ya tano. Ukishafika ya tano, niambie plagi zimelowa au ni kavu.

*Pangani:* Sina muda wa kusoma yote hayo, wewe nipe jibu tu.

Jibu ni hilohilo, ndugu yangu.

*Kilwa Masoko:* Mimi nazibua kwa waya mwaka wa ishirini sasa na mashine inakwenda. Mnawatisha watu bure.

Mzee wangu, shikamoo. Inawezekana mkono wako ni mwepesi kuliko wangu, lakini naandika kwa ajili ya kijana anayefungua kabureta kwa mara ya kwanza, na huyo simshauri waya hata siku moja.

*Ukerewe:* Shikamoo, fundi. Yangu asubuhi inawaka kwa mvuto wa pili, lakini nikishafika kwenye nyavu na kuizima, inakataa hadi ipoe nusu saa. Tatizo ni lipi?

Marahaba, na ahsante kwa kueleza vizuri hivyo. Kwanza, usivute choki mashine ikiwa ya moto, maana utaijaza mafuta. Kama huivuti na bado inakataa, pima moto wa plagi papo hapo inapogoma, usingoje ufike nyumbani. Moto ukikosekana wakati huo na ukarudi ikishapoa, shuku koili au CDI (kile kisanduku cha umeme kinachoongoza moto wa plagi), kwa sababu vifaa hivyo vikichakaa hukatika ndani vinapopata joto na kuungana tena vikipoa. Moto ukiwapo, pima mgandamizo wa silinda zote mbili kwa geji. Zikipishana sana, huenda ringi za pistoni zimechoka.

*Lamu:* Je, naweza kuchanganya mafuta ya taa ili kupunguza gharama?

Kwenye mashine ya petroli usichanganye. Zipo zilizotengenezwa kwa mafuta ya taa, kama Enduro ambazo jina la modeli yake linaanza na herufi EK, na hata hizo huwashwa kwa petroli kwanza ndipo zikabadilishwa.

*Mkoani:* Nikipandisha boti kwa mwezi mzima wakati wa kusi, mashine niiacheje?

Iwashe kwenye pipa la maji baridi yasiyo ya chumvi, maji yafunike tundu ambalo mashine huvutia maji, iachie dakika kumi. Kisha chomoa mpira wa mafuta huku ikiendelea kunguruma, uiache imalize petroli iliyomo kwenye kabureta hadi izime yenyewe. Petroli inayolala humo hukauka na kuacha gundi ya kahawia, na gundi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye waya.