Kabla ya kunywa unga wa makrogoli: mambo ya kuzingatia kwa anayekwenda kupimwa utumbo mpana

Ukipangiwa kipimo cha utumbo mpana kwa kamera, yaani kolonoskopi, mara nyingi utapewa unga mweupe wa kuchanganya na maji, lita 2 hadi 4, uumalize wote. Wengi huuona kama dawa yoyote ya kuharisha, wakanywa nusu na kuacha. Matokeo yake kipimo huahirishwa au, vibaya zaidi, kivimbe kidogo hufichwa na kinyesi na daktari asikione.

Dawa hiyo ni polietilini glaikoli, ambayo wafamasia huiita makrogoli: mnyororo wa vipande vinavyofanana, kila kimoja na kaboni 2, hidrojeni 4 na oksijeni 1. Hizo oksijeni hushikana na maji, ndiyo maana unga huyeyuka kirahisi. Urefu wa mnyororo ndio unaoamua matumizi yake. Makrogoli 400 (namba huonyesha ukubwa wa molekuli) ni kimiminika, huyeyushia dawa ndani ya kapsuli laini. Ikichanganywa na iliyo ndefu hupatikana marhamu inayotoka kwa maji matupu. Mnyororo mrefu ukiunganishwa na protini, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kama ilivyo pegfilgrastim wanayochomwa baadhi ya wagonjwa wa saratani.

Ya kusafishia tumbo ni makrogoli 3350 au 4000. Molekuli zake ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo kwa kiasi cha maana, na bakteria wa tumboni hawazili. Maji uliyokunywa yanabaki utumboni na kutoka na uchafu. Mwaka 1980 watafiti Davis, Fordtran na wenzao walitangaza mchanganyiko wa makrogoli na chumvi uliopimwa ili mwili usipoteze wala kunyonya maji na chumvi nyingi. Kabla yake manitoli ilitumika sana, nayo ni ya jamii ya sukari ambayo bakteria huichachusha na kutoa gesi ya hidrojeni. Mwaka 1979 iliripotiwa kwamba mgonjwa alikufa baada ya gesi kulipuka tumboni wakati kivimbe kikikatwa kwa umeme. Kwa hiyo usitie sukari, asali wala sharubati kwenye mchanganyiko wako, hata kama ladha ya chumvi inakuchosha. Uweke kwenye friji. Ukiwa baridi unanyweka vizuri zaidi.

Jambo la kueleza mapema, na tafadhali lisikupite, ni mzio. Mzio wa makrogoli ni nadra lakini unaweza kuua, na kemikali hii imo kwenye vidonge, sindano na baadhi ya chanjo. Kama umewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya dawa kadhaa zisizohusiana, mwambie daktari. Pia uliza kama unga wako una vitamini C, kwa maana baadhi ya aina za lita 2 zinayo kwa wingi. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali isiyo adimu katika maeneo yetu ya malaria, anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu. Mwenye utumbo ulioziba haruhusiwi kunywa kabisa. Mgonjwa wa moyo au figo asianze bila maelekezo ya daktari yanayomhusu yeye.

Vidonge vya madini ya chuma huachwa takriban wiki moja kabla, kwa kuwa hufanya choo kiwe cheusi na cha kunata. Insulini, dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda hupangwa na daktari. Usiziache kwa uamuzi wako. Kidonge kinachomezwa ndani ya saa moja kabla ya kuanza unga kinaweza kusombwa kabla hakijafanya kazi.

Siku chache kabla, acha maharage, mchicha, mahindi, karanga, ufuta na pasheni. Wali mweupe, mayai na samaki vinafaa. Siku ya mwisho kwa kawaida ni vinywaji vyepesi tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu. Vyenye rangi nyekundu viache, hudhaniwa damu.

Ratiba bora ni ya kugawa: nusu ya kwanza jioni, na nusu ya pili kuanzia muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, umalize angalau saa 2 kabla. Glasi moja kila dakika 10 hadi 15 inatosha. Ukitapika, pumzika nusu saa kisha endelea polepole. Anayeishi mbali asijaribu nusu ya pili ndani ya basi la alfajiri. Ni afadhali alale kwa ndugu karibu na hospitali, na awe na mtu wa kumrudisha, kwa sababu dawa ya usingizi anayopewa kwenye kipimo haimruhusu kuendesha gari siku hiyo.

Tumbo likikaza kwa maumivu makali bila choo kutoka, acha kunywa na uende hospitali. Mambo yakienda sawa, mwishoni utatoa maji ya njano yanayopitisha nuru. Yakiwa bado ya kahawia au yana mabonge asubuhi, piga simu kitengo cha kipimo kabla hujatoka nyumbani, wakuelekeze uongeze kiasi gani.