Kula Kushikatsu na Kunywa Shochu Osaka: Hatua kwa Hatua

Mtaa wa Shinsekai, chini ya mnara wa Tsutenkaku jijini Osaka, Japani, ndio kitovu cha kushikatsu: vipande vya nyama, samaki na mboga vinavyochomekwa kwenye vijiti, vikapitishwa kwenye rojo la unga, vikavikwa chenga laini za mkate na kukaangwa. Daruma, duka maarufu la hapo, lilianza mwaka 1929. Mimi humpeleka huko kila mgeni anayenitembelea, na haya ndiyo ninayomwelekeza.

Hatua ya 1: Kaa kaunta. Onyesha kwa vidole mko wangapi, kisha omba kaunta kama ipo nafasi. Meza ni nzuri kwa kundi, lakini kaunta inakuweka karibu na karai, na chakula hiki ni cha kuliwa kikitoka tu mafutani. Utapewa kitambaa chenye unyevu cha kufutia mikono. Baa nyingi pia huleta kisahani ambacho hukuagiza, kiitwacho otoshi. Kitaonekana kwenye bili kwa yen mia kadhaa. Ni desturi ya baa za huko, usibishane.

Hatua ya 2: Kama huli nguruwe, uliza kuhusu mafuta kwanza. Nguruwe ni "buta". Maduka mengi hukaangia mafuta ya ng'ombe au ya nguruwe, na kila kitu hupita karai lile lile, hivyo kuagiza mboga tu hakukuepushi. Anayeshika halali atafute mkahawa unaojitangaza hivyo, asibahatishe.

Hatua ya 3: Agiza vijiti vitatu au vinne, si zaidi. Hapa wageni wengi huharibu mlo wao: wanaagiza kumi na tano kwa mpigo, vya mwisho vinapoa na chenga zinalainika. Anza na nyama ya ng'ombe, kitunguu, yai la kware na mzizi wa yungiyungi, unaoitwa renkon. Baadaye jaribu tangawizi nyekundu iliyolowekwa kwenye siki, beni shoga. Watu wa Osaka wanaipenda mno, na kwangu hakuna kijiti kinachoishinda.

Hatua ya 4: Chovya mara moja tu. Chombo cha sosi ni cha wote mlioketi karibu nacho. Zamisha kijiti chote kabla hujaking'ata. Ukishaking'ata, hakirudi tena. Sosi ikipungua, chukua jani la kabichi mbichi uliyowekewa, ambalo hujaling'ata, uchote nalo sosi na kukimwagia kijiti. Kabichi hiyo pia hupunguza uzito wa mafuta mdomoni, basi itafune katikati ya vijiti. Tangu janga la UVIKO-19 maduka mengi yameweka sosi kwenye chupa. Hapo unamimina upendavyo.

Hatua ya 5: Chagua shochu, pombe kali ya Kijapani. Si sake, ile pombe ya mchele. Sake huchachushwa tu, lakini shochu huchachushwa, ikachemshwa, na mvuke wake ukakingwa, kama waragi. Nyingi zina kilevi cha asilimia 25. Ya viazi vitamu, imo, inatoka hasa mkoa wa Kagoshima na harufu yake ni nzito. Ya shayiri, mugi, ina sifa kubwa Oita na ni nyepesi. Ya mchele, kome, ni ya Kumamoto. Kwa mara ya kwanza chukua mugi na maji ya soda na barafu: soda inasafisha mafuta kinywani. Ukishazoea, agiza imo na maji ya moto, oyuwari. Ukichanganya mwenyewe, tangulia na maji ya moto, kisha shochu juu yake. Vinachanganyika vyenyewe na harufu inapanda vizuri. Kagoshima wanapenda sehemu sita za shochu kwa nne za maji. Kunywa polepole, maana ukali wake haujitangazi. Umri halali wa kunywa Japani ni miaka 20. Asiyekunywa aagize chai baridi ya oolong, na hakuna atakayemshangaa.

Hatua ya 6: Lipa. Vijiti vilivyotumika weka kwenye kikopo chake, usivitupe; baadhi ya maduka huvihesabu ndipo yakuandikie bili. Ukimaliza, vuka vidole viwili vya shahada kuwa alama ya X, au sema "okaikei". Lipa kiasi kilichoandikwa. Bakshishi haitolewi, na ukiacha chenji mezani mhudumu anaweza kukufuata nje akurudishie. Ukitoka sema "gochisosama", na mpishi atakuitikia kutoka kwenye karai.