Kabla ya Kuanza Kibarua Huku Ukipokea TDIU

Maveterani wa jeshi la Marekani wanaolipwa TDIU, yaani malipo ya ulemavu kwa asiyeweza kushika kazi ya kumtosheleza, huuliza sana: "Naruhusiwa kufanya kazi saa ngapi kwa wiki?" Kwa jinsi lilivyoulizwa, swali hilo halijibiki, maana sheria haiweki idadi ya saa. Inaangalia umeingiza dola ngapi kwa mwaka kwa jasho lako, na kazi yenyewe ni ya namna gani. Jambo hili linawagusa Waswahili wa huko kuliko watu wanavyodhani. Kati ya 2009 na 2016 jeshi liliandikisha wageni kupitia mpango wa MAVNI, na Kiswahili kilikuwa katika orodha ya lugha zilizotafutwa. Wengine waliingia wakiwa tayari na ukaazi wa kudumu. Baadhi yao leo wana migongo iliyoharibika na usingizi usiokuja, na wanatafuta namna ya kujiongezea kidogo.

Kwanza toa kabatini ile barua ya uamuzi ya Wizara ya Masuala ya Maveterani uisome upya, uhakikishe unacholipwa ni nini hasa. TDIU si sawa na ulemavu wa asilimia 100. Ni malipo ya kiwango cha asilimia 100 anayopewa mtu ambaye ulemavu wake umepimwa chini ya hapo, kwa sababu majeraha au maradhi aliyoyapata jeshini yanamzuia kushika kazi ya kumtosheleza. Kwa kawaida mtu huyo ana ulemavu mmoja wa asilimia 60 au zaidi, au ana kadhaa unaofika 70 kwa pamoja, mmoja wao ukiwa angalau 40. Ukisikia jamaa anajisifu kuwa ana asilimia 100 na bado anaendesha lori wiki nzima, huenda anasema kweli kabisa. Asilimia zake zimefika 100 zenyewe, na kwa magonjwa mengi ya mwili kazi haigusi malipo yake. Akiwa amezipata kwa maradhi ya akili mambo hubadilika, kwa kuwa kipimo chenyewe cha 100 kinataja kushindwa kabisa kufanya kazi. Kwa hiyo ushauri wa kwenye kundi la WhatsApp usiuchukue kabla hujajua aliyeutoa analipwa kwa msingi gani. Vilevile neno "ya kudumu" kwenye barua yako ya TDIU lisikudanganye, kwani halikupi ruhusa ya kurudi kazini.

Pima pia unachokihatarisha. Kwa viwango vya 2025, veterani asiye na mke wala watoto mwenye asilimia 70 alilipwa dola 1,759 kwa mwezi. Akiwa na TDIU alilipwa 3,831. Tofauti inazidi dola 2,000 kila mwezi, nayo haikatwi kodi. Kibarua kitakachoingiza 1,200 kisha kikuondolee hizo 2,000 ni hasara, hata ukikipenda vipi.

Kazi inayoruhusiwa ni ile ambayo kipato chake cha mwaka hakizidi kiwango cha umaskini cha mtu mmoja, kinachotolewa na Ofisi ya Sensa ya Marekani. Kiwango hicho hupanda kila mwaka, na miaka ya karibuni kimekuwa kati ya dola 15,000 na 16,000 na kitu. Kinachohesabiwa ni cha kazi tu. Kodi ya nyumba uliyopangisha, faida ya hisa, pensheni na mshahara wa mkeo havimo. Tuseme umepata nafasi ya kupokea wageni kwenye kliniki kwa dola 18 kwa saa. Ukifanya saa 15 kwa wiki mwaka mzima utapata 14,040, na uko salama upande huo. Ukikubali saa 20, kwa sababu meneja amekuomba na wewe ni mtu wa kuona haya kukataa, unafika 18,720 na umeshavuka. Mwambie meneja tangu siku ya usaili kuwa saa zako zina mwisho, na uweke akiba ya saa za kutosha kwa wiki za Krismasi watakapokubembeleza uongeze zamu.

Hapo wengi hudhani wamemaliza, na hapo ndipo wanapochomeka. Ikiwa unapokea pia SSDI, yaani bima ya ulemavu, kutoka Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), hiyo ni ofisi nyingine yenye hesabu zake, nayo inahesabu kwa mwezi. Zile saa 15 ni wastani wa dola 1,170 kwa mwezi. Kwa 2025, mwezi wowote uliopata zaidi ya 1,160 kabla ya makato uliandikwa kuwa mwezi wa kujaribu kazi, na una miezi 9 tu ya namna hiyo ndani ya miezi 60. Ikiisha, wanaanza kukupima kwa kipimo kingine, ambacho kwa mwaka huo kilikuwa 1,620 kwa mwezi kwa asiye kipofu. Kwa viwango hivyo, kibarua kilekile kisichoishtua ofisi ya maveterani kilikula miezi yako upande wa pili. Ofisi hizo zipigie hesabu mbali mbali, na kila moja uitaarifu yenyewe.

Kuhusu kazi ya ndugu: sheria inatambua kuwa mtu anaweza kuvuka kiwango cha umaskini na bado asihesabiwe kuwa ameajirika, ikiwa anafanya kazi katika mazingira ya kulindwa, na biashara ya familia imetajwa waziwazi. Lakini kuwa na undugu na mwenye duka hakutoshi. Kinachotazamwa ni jinsi unavyobebwa. Labda unakaa kwenye stuli nyuma ya kaunta, mgongo ukikaza unaingia stoo kujilaza kwenye godoro, mpwa wako anashika foleni ya wateja, na mwisho wa wiki anakulipa vilevile. Mwajiri wa kawaida angekufukuza mwezi wa kwanza. Hayo yote yaandikwe: barua ya mwenye duka ikieleza anakuvumilia nini, siku ulizoshindwa kufika, kazi ulizoondolewa. Uandike mapema, kabla hujaulizwa.

Wanaoendesha Uber au kupeleka vyakula wajue kuwa kwa aliyejiajiri, mkaguzi hutazama pato lote, faida inayobaki baada ya gharama, na pia muda anaoutumia. Faida ndogo kwenye karatasi ya kodi haimlindi mtu anayeonekana barabarani kutwa nzima. Tunza risiti za mafuta na matengenezo, na uandike siku ulizozima programu kwa sababu ya maumivu.

Usifiche. Wizara ya Masuala ya Maveterani hulinganisha majina na kumbukumbu za mishahara za Social Security, hivyo fomu ya W-2, ile ya mshahara anayoituma mwajiri, itakutangulia. Kipato kikionekana, unaweza kutumiwa fomu 21-4140 ikuulize kuhusu kazi yako. Ijaze ndani ya muda uliopewa na ubaki na nakala, kwani kutoijibu peke yake kunaweza kukushusha.

Ukizidisha kipato bila kukusudia, kuna kinga. Kwa mtu aliyeanza kazi ya kumtosheleza, hawaruhusiwi kupunguza TDIU kwa sababu hiyo tu mpaka awe ameishikilia kwa miezi 12 mfululizo. Kuna wanaoifanya kinga hii kuwa likizo ya mwaka mmoja ya kuchuma. Mimi siwashauri, kwa sababu kazi hiyo inabaki kwenye faili lako. Ikija barua ya pendekezo la kupunguza, una siku 60 za kupeleka ushahidi, na siku 30 za mwanzo za kuomba kusikilizwa kabla ya uamuzi.

Barua hiyo usiisubiri ndipo utafute mtu wa kukusaidia. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina wawakilishi walioidhinishwa ambao hawatozi senti. Nenda na barua ya uamuzi, maelezo ya kazi unayotaka kuianza na hesabu ya mwaka mzima, kabla hujasaini mkataba.