Somo: Kufunga NVMe kwenye kompyuta ya zamani mpaka iwake nayo

Wakuu, habari za leo. Desktop za Dell OptiPlex 7010 bado zimejaa madukani na maofisini kwetu, na ukiipata yenye i5 ya kizazi cha tatu bado ni mashine ya kazi. Wengi wanauliza kama inakubali NVMe (SSD ya kasi inayopita njia ya PCIe), maana mazabodi yake ni ya 2012, chipseti Q77, na haina sehemu ya M.2, yaani tundu dogo la kuchomekea diski hizo. Inakubali, tena bila kuchezea BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows). Ila kabla hujatoa hela elewa hili: diski kuonekana ndani ya Windows ni jambo moja, kompyuta kuwaka kutoka kwenye diski hiyo ni jambo jingine kabisa.

Windows 10 ina drayva (programu ya kuendeshea kifaa) ya NVMe ndani yake, na Linux inayo tangu kernel (kiini chake) 3.3 ya 2012. Lakini kabla Windows haijaanza, anayeitafuta diski ni BIOS, na BIOS za enzi hizo hazina drayva hiyo. Ndiyo maana mtu anapiga Windows vizuri hadi mwisho, mashine inajiwasha upya, halafu inaandika kwamba hakuna diski ya kuwakia. Diski haijafa, usikimbilie kuirudisha dukani.

Hatua ya 1: Manunuzi

Unahitaji kadi ya adapta ya M.2 kwenda PCIe x4 (inachomekwa kwenye nafasi za kadi za mazabodi; x4 ni njia nne za data), diski ya NVMe, na flashi ndogo ya zamani, hata ya GB 1 inatosha. Kadi hizi ni za bei rahisi kwa sababu hazina akili yoyote ndani, zinaunganisha nyaya tu. Kama 7010 yako ni ile nyembamba (SFF), hakikisha kwenye boksi la kadi kuna bati fupi la nyuma, la sivyo haitaingia kwenye kasha.

Kwenye diski, angalia meno yake. Yenye pengo moja upande wa M ndiyo NVMe. Yenye mapengo mawili mara nyingi ni M.2 ya SATA (njia ya zamani ya diski), na hiyo kwenye adapta hii haitaonekana hata ufanyeje. Lakini zipo NVMe chache zenye mapengo mawili pia, kwa hiyo soma lebo: lazima iandikwe NVMe au PCIe. Chukua ya Gen 3, yaani PCIe 3.0. Ya Gen 4 itafanya kazi, ila unalipia kasi ambayo mashine hii haiwezi kuitoa.

Hatua ya 2: Kufunga

Chomoa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza chaji iliyobaki. Ingiza diski kwenye kadi ikiwa imeinama kidogo, ilaze, kaza skrubu.

7010 ina nafasi mbili ndefu. Iliyo karibu na prosesa ni x16 halisi, na kwa i5 au i7 ya kizazi cha tatu inakwenda PCIe 3.0. Nyingine inafanana nayo kwa urefu lakini ina njia 4 tu za PCIe 2.0. Kama huna kadi ya picha, tumia ya kwanza. Wanaotaka diski ya kuhifadhia mafaili tu, wameshamaliza: washa Windows, fungua Disk Management, fomati.

Hatua ya 3: Flashi ya Clover

Clover ni programu ndogo inayowaka kabla ya Windows na kuipa mashine drayva inayokosekana. Tengeneza flashi kwa Boot Disk Utility, kisha ifungue uende EFI, CLOVER, drivers. Ndani ya folda ya off tafuta faili liitwalo NvmExpressDxe.efi, linakili kwenye folda ya UEFI. Faili hili ndilo somo lote. Ukilisahau, Clover itawaka vizuri lakini diski haitaonekana.

Hatua ya 4: Kupiga Windows

Bonyeza F2, weka Boot List Option iwe UEFI, SATA Operation iwe AHCI, na Secure Boot uizime. Chomoa diski nyingine zote za SATA; ukiziacha, Windows inaweza kuweka mafaili yake ya kuwakia huko na utasumbuka baadaye. Kwa flashi yako ya Windows, piga Windows kwenye NVMe. Ikijiwasha upya mara ya kwanza, bonyeza F12, chagua flashi ya Clover, kisha kwenye skrini ya Clover chagua Windows.

Ikishakamilika, weka flashi iwe ya kwanza kwenye Boot Sequence. Fungua config.plist (faili la mipangilio ya Clover), weka Timeout 5, na kwenye DefaultVolume andika jina la patisheni yako, ili isisubiri mtu kubonyeza. Flashi lazima ibaki imechomekwa siku zote. Kwa ofisi yenye watu wengi, tafuta kiunganishi cha USB cha ndani ya kasha uifiche humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimeona mtandaoni wanaongeza drayva ndani ya BIOS yenyewe. Si bora hiyo, flashi isihitajike?
Inawezekana, kwa programu za kuhariri BIOS kama UEFITool au MMTool, na matokeo ni masafi. Lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika, mazabodi imelala mpaka upate CH341A, kifaa cha kuandikia chipu ya BIOS, na mtu anayejua kukitumia. Kwa mashine ya kazi, siishauri.

Fundi, nimefunga lakini napata MB 1,600 kwa sekunde wakati boksi linasema 3,500.
Umechomeka kwenye nafasi ya PCIe 2.0. Hamishia ile ya karibu na prosesa. Kama prosesa ni ya kizazi cha pili, hapo ndipo mwisho wake.

Nina nafasi ndogo ya x1 tu, nitumie?
Kwa PCIe 2.0 utapata kama MB 400. SSD ya kawaida ya SATA III inafika 550, na haihitaji Clover wala kadi. Nunua hiyo.

Natumia Linux, nami nahitaji Clover?
Hapana kaka. Weka /boot na patisheni ya EFI kwenye flashi au diski ya SATA, mfumo wenyewe kwenye NVMe. Kernel ikishapanda inaiona diski yenyewe.

Na laptop ya ThinkPad T430 je?
Hiyo haina njia hii. Ina nafasi ya mSATA, lakini inakwenda kwa SATA II. Toa hard disk, weka SSD ya SATA ya inchi 2.5 pale pale, na hela iliyobaki ongeza RAM. Anayetoka kwenye hard disk kwenda SSD yoyote ataona tofauti kubwa kuliko anayetoka SATA kwenda NVMe, labda kama kazi yako ni kuhamisha video kubwa kila siku.