Pulapu ya kwanza: nguvu ya kupanda inajengwa kwa kushuka

Kama hujawahi kufanya pulapu hata moja, acha kwanza kuijaribu. Naona watu wanarukia chuma kila jioni, wanarusha miguu, uso unakunjamana, kidevu kinagota njiani, wanaachia. Kesho tena vile vile. Jaribio la namna hiyo linachosha bila kujenga, kwa sababu misuli inafanya kazi sekunde moja au mbili tu, tena baada ya miguu kuwa imeshakurusha juu. Wanaoanza nawafundisha kinyume chake: tunaanzia juu, tunashuka polepole, na kupanda kunakuja kwenyewe.

Ninaposema pulapu namaanisha hii: unaning'inia mikono ikiwa imenyooka kabisa, viganja vimetazama mbele, unajivuta mpaka kidevu kipite chuma, kisha unashuka mpaka mikono inyooke tena. Kurusha miguu hakuhesabiwi. Kazi kubwa inafanywa na misuli mipana ya mgongo, ile inayotoka kiunoni kupanda hadi kwapani, ambayo jimu tunaiita mabawa. Mikono inasaidia tu. Ndiyo maana unamkuta mtu anapiga pushapu 50 na pulapu hana hata moja. Pushapu ni kifua na nyuma ya mikono, na isitoshe miguu iko chini, inapokea sehemu ya uzito. Kwenye chuma kila kilo ni yako. Mwenye kilo 75 anapandisha mfuko wa saruji mmoja na nusu.

Kwanza upate chuma

Huhitaji jimu ya kulipia. Fundi wa kuchomelea anaweza kukufungia bomba kati ya nguzo mbili, na ukienda duka la vifaa vya ujenzi omba bomba la chuma la inchi moja. Kwa nje bomba hilo lina takriban milimita 33, unene ambao vidole vinauzunguka vizuri na dole gumba linafunga. La inchi moja na nusu lina karibu milimita 48 kwa nje, na kwa anayeanza vidole vitachoka kabla mgongo haujafanya lolote.

Wengi wanatumia mtambaa panya wa goli. Goli kamili lina mita 2.44 kutoka ardhini, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida atahitaji stuli, na stuli utaihitaji hata hivyo. Angalia unene tu, maana sheria za mpira zinaruhusu mwamba wa hadi sentimita 12, na huo huwezi kuushika sawasawa. Goli la kuhamishika ambalo halijafungwa ardhini usiliguse kabisa, linapinduka na kumwangukia mtu. Tawi la mti linakubalika likiwa zima na limelala sawa. Likiwa na mwinamo, mkono mmoja utafanya kazi ya miwili. Grili ya dirisha na fremu ya mlango iliyoshikiliwa na misumari miwili, hapana.

Kama bega lako liliwahi kuteguka, au linauma ukiinua mkono juu ya kichwa, muone kwanza mtaalamu wa viungo. Haya yote yatakusubiri.

Hatua ya 1: Kuning'inia

Shika chuma kwa upana unaozidi mabega kidogo. Chuma kikae kwenye shina la vidole, pale vinapoungana na kiganja. Ukikishikia katikati ya kiganja, ngozi inajikunja na sugu zinachanika. Dole gumba lizunguke. Toa miguu chini, nyosha mikono, pumua.

Lengo ni sekunde 30 mara tatu, ukipumzika dakika moja na nusu katikati. Ukianza na sekunde 8 si vibaya. Aliyekua akibeba ndoo na madumu ya lita 20 mara nyingi hatua hii anaipita siku ya kwanza, na hapo nimeona akina dada wengi wakiwaacha nyuma vijana wenye vifua vipana. Anayeshinda kwenye kompyuta anaweza kukaa hapa wiki mbili tatu. Akae.

Hatua ya 2: Kuamsha makombe ya mabega

Makombe ni ile mifupa bapa nyuma ya mabega. Ukiwa unaning'inia, bila kukunja viwiko hata kidogo, shusha mabega mbali na masikio. Mwili utapanda inchi moja au mbili, basi. Shikilia sekunde mbili, rudi taratibu. Mara 8, seti tatu.

Zoezi hili linadharauliwa kwa sababu halionekani. Lakini pulapu yote inaanzia hapa: mabawa yasipoanza kazi kwanza, mikono inajaribu kubeba mwili peke yake, nayo haiwezi. Mwombe mwenzako asimame nyuma yako. Anatakiwa aone makombe yakishuka. Akiona viwiko vimepinda, hiyo haihesabiwi.

Hatua ya 3: Kujivuta ukiwa mlalo

Tafuta chuma cha usawa wa kiuno, au meza nzito ya mbao (ya plastiki itakuvunjikia usoni). Lala chali chini yake, shika, kaza tumbo na matako ili mwili unyooke kuanzia kisigino hadi kichwani, kisha vuta kifua mpaka kikaribie kugusa. Ikiwa ngumu, kunja magoti na ukanyage chini. Ikiwa rahisi, nyosha miguu. Ukiweza seti tatu za mara 10 miguu ikiwa imenyooka, mgongo wako umeanza kuwa tayari, na hatua ya nne haitakuumiza.

Hatua ya 4: Kushuka

Msuli unaweza kuzuia uzito mkubwa zaidi unaporefuka kuliko ule unaoweza kuuinua unapofupika. Maana yake, hata kama huwezi kujipandisha, tayari unaweza kujishusha polepole, na kila sekunde ya kujishusha unabeba uzito wako wote katika njia ile ile ya pulapu. Hakuna zoezi lingine linalokupa hivyo bila mashine.

Weka stuli imara chini ya chuma. Panda mpaka kidevu kiwe juu ya chuma huku miguu ikikubeba. Usiruke, nguvu yote iende kwenye kushuka. Mabega yakiwa chini, viwiko karibu na mbavu, toa miguu kwenye stuli. Shikilia juu sekunde mbili. Sasa shuka ukihesabu: moja na nusu, mbili na nusu, tatu na nusu. Usiachie viwiko vikikaribia kunyooka. Hapo ndipo wengi wanajidanganya: robo tatu ya njia wanashuka vizuri, kipande cha mwisho wanadondoka. Na kipande hicho cha chini ndicho utakachoanza nacho siku ya kupanda.

Anza na mara 4, kila moja sekunde 3. Pumzika dakika mbili nzima kati ya moja na nyingine. Huu si mchezo wa kutoa jasho. Kila wiki ongeza sekunde moja, ukibaki kwenye mara 4 au 5. Siku mbili kwa wiki zinatosha, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Ukitaka siku ya tatu, ifanye ya hatua ya 2 na ya 3 peke yake.

Usizidishe kwa hamu. Mazoezi ya kushuka ndiyo yanayoleta maumivu makali ya misuli, na hayaji siku hiyo hiyo, yanakuja kesho yake au keshokutwa. Kuuma na kukakamaa kidogo ni kawaida. Lakini mikono ikivimba, ikashindwa kunyooka, na mkojo ukageuka rangi ya kahawia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli iliyoharibika kupita kiasi inamwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuumiza figo. Hali hiyo huwapata hasa waliofanya mengi mno siku za mwanzo.

"Kocha, mbona nikifika katikati naporomoka?"

Swali hili naulizwa kuliko yote. Viwiko vikifika pembe ya mraba, mtu aliyekuwa anashuka vizuri anaanguka ghafla. Dawa yake ni kusimama njiani. Shuka kidogo, simama sekunde tatu. Shuka mpaka viwiko viwe pembe ya mraba, simama sekunde tatu. Shuka mpaka karibu mikono inyooke, simama sekunde tatu, ndipo umalizie. Mara 3 za namna hii zinatosha kwa siku nzima. Fanya hivyo wiki mbili, kisha rudi kwenye kushuka moja kwa moja uone tofauti.

Kama unaporomokea juu kabisa, pale mwanzo, tatizo ni lingine: hujajifunza kukaa juu. Panda stuli, kidevu juu ya chuma, toa miguu, kaa hapo sekunde 10 hadi 20. Kidevu kisiegemee chuma, na shingo usiinyooshe kama unachungulia ukuta wa jirani.

Na mpira je?

Mipira ya mazoezi inauzwa, na mitaani watu wanakata tyubu ya pikipiki na kuifunga kwenye chuma, wanaweka goti ndani, wanapanda. Siipingi, ila fahamu inavyofanya kazi. Mpira unavuta sana ukiwa umenyooka sana, yaani ukiwa chini kabisa, na unalegea kadiri unavyopanda. Kwa hiyo unakusaidia kwa nguvu pale pale unapohitaji kujenga nguvu ya kuanzia, halafu juu unakuacha. Nimeona watu wanaopiga mara 12 na mpira, wakiutoa hawasogei hata inchi.

Ukiwa nao, utumie mwishoni mwa zoezi, baada ya kushuka, kwa seti moja au mbili ili mwili uzoee mwendo mzima wa kupanda. Tumia mwembamba unaokulazimisha kufanya kazi. Tyubu ya zamani ikague kila mara, ikiwa na mpasuko hata mdogo itupe, kwa maana ikikatika itakurukia usoni.

Viganja vikikutazama

Geuza mikono ili viganja vitazame uso wako na upana uwe wa mabega. Namna hii ni rahisi zaidi kwa wengi, kwa sababu misuli ya mbele ya mkono inaingia kazini kwa nguvu. Wapo wanaosema siyo pulapu. Sawa, lakini mimi nawaruhusu wanafunzi waipate hii kwanza; mara nyingi ile ya viganja mbele inafuata baada ya wiki chache. Tahadhari ni moja: kiwiko kikianza kuuma upande wa ndani, umezidisha. Rudi kwenye viganja mbele na punguza idadi.

Uzito na chakula, kwa ufupi

Mwenye kilo za ziada atachelewa kuliko mwembamba, hata wakifanya mazoezi sawa. Kupunguza kilo tatu ni msaada halisi kwenye chuma. Lakini ukijinyima mpaka ukalegea, misuli haitajengeka. Kula maharage, dagaa, mayai, choroko, na ulale. Mwezi wa Ramadhani peleka zoezi la kushuka baada ya futari, chakula kikishatulia tumboni, na usiongeze sekunde. Kutunza ulichonacho kunatosha.

Muda? Kijana mwepesi anayefanya kazi za mikono huweza kuipata ndani ya wiki chache. Mwingine miezi mitatu, mwingine nusu mwaka au zaidi. Wanawake kwa kawaida wana misuli pungufu sehemu ya juu ya mwili kuliko wanaume, kwa hiyo huchukua muda mrefu kidogo, kwa njia hii hii bila kubadilisha chochote.

Hatua ya 5: Siku ya kupanda

Ukiweza kushuka mara 3 kwa sekunde 10 kila moja, bila kuporomoka popote, jaribu. Usijaribu kabla ya hapo, na usijaribu kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha. Chagua siku uliyopumzika jana yake, na jaribio liwe la kwanza baada ya kupasha mwili moto. Ukilifanya mwishoni mwa zoezi utashindwa na utadhani huna nguvu.

Ning'inia, mikono imenyooka. Miguu iwe mbele kidogo, pamoja, tumbo limekazwa. Shusha makombe kwanza, kama hatua ya 2. Kisha usifikirie kupandisha kidevu. Fikiria kushusha viwiko kuelekea mifuko ya nyuma ya suruali. Vuta kwa kasi tangu mwanzo, maana ukianza polepole nguvu inaishia njiani. Kidevu kikipita, shuka kwa sekunde tatu, usidondoke.

Ukikwama, angalia umekwama wapi. Hujatoka chini: ongeza hatua ya 2 na kipande cha mwisho cha kushuka. Katikati: zile stopu tatu. Umebakiza vidole viwili kufika: kukaa juu sekunde 20, na wiki ijayo labda itakuja.

Ukiipata, siku hiyo usikimbilie ya pili. Siku za mazoezi zinazofuata fanya moja, pumzika dakika mbili au tatu, fanya moja tena, mpaka zifike tano. Zote tano ziwe safi. Ile itakayokulazimisha kurusha miguu ndiyo ya kuishia. Baada ya wiki kadhaa unganisha mbili za kwanza. Kushuka usikuache kabisa: punguza mpaka siku moja kwa wiki, mara 3 za sekunde 8, mpaka utakapofikisha pulapu tano mfululizo.