Jinsi ya kungoja ahadi ya Mungu mambo yakichelewa

Hapa Magongo, Mombasa, kungoja si jambo geni. Tangu makontena yalipoanza kupakiwa kwenye treni ya SGR kwenda Nairobi, mwaka 2018, wengi waliokuwa wakila kwa malori na yadi za mizigo walirudi nyumbani mikono mitupu. Mume wangu, aliyekuwa karani wa yadi, ni mmoja wao. Mimi nauza mahamri na mbaazi za nazi, na kazi tuliyoiomba haijaja. Kwa hivyo usinisome kama mtu anayetoa ushuhuda wa kupokea. Haya ndiyo ninayowaambia akina mama wa kikundi chetu kanisani.

Tafuta daftari, lile la watoto la kurasa chache linatosha. Ukurasa wa kushoto andika unachongoja, ukitaje chenyewe: kazi ya mshahara, mtoto, kesi ya shamba iishe. Usiandike "baraka". Ukurasa wa kulia andika ahadi unayoishikilia, na kitabu, sura na mstari wake. Huko kulia ndiko kalamu hukwama. Utakuta mengine uliyokuwa ukiyaita ahadi ni maneno ya mtumishi aliyekuwekea mikono kwenye kesha la mwaka mpya, au ndoto ya shangazi yako. Usiyafute, yawekee alama ya kuuliza tu. Yale yenye mstari, yafungue.

Na kufungua ni kusoma sura nzima, pamoja na iliyotangulia. Chukua Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani ulioandikwa hadi nyuma ya matatu. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 10, juu yake kidogo tu, unasema miaka 70. Mtu mzima aliyesomewa barua ile alijua atazikwa ugenini, na bado aliambiwa Mungu anamwazia mema. Sasa rudi sura ya 28: nabii Hanania aliwatangazia watu kule Yerusalemu kwamba ni miaka miwili tu mambo yatakuwa sawa. Nadhani ningekuwapo ningempigia Hanania vigelegele. Yeremia akamwambia wazi kwamba Bwana hakumtuma.

Akina Hanania tunao. Ukiambiwa panda mbegu, yaani tuma sadaka, kwa M-Pesa ndani ya siku saba mlango ufunguke, karo ya mtoto usiiguse. Kama moyo wako unataka kutoa, toa kile ambacho ungetoa hata bila kupewa tarehe.

Barua yenyewe inasema mtu afanye nini akingoja: ajenge nyumba akae, apande bustani ale matunda yake, aoe, aozeshe. Hapo ndipo ninapokaza sana, kwa sababu nimeona nyumba ambazo kila kitu kimesimama mpaka "Mungu atende". Kwetu, saa kumi za alfajiri mume wangu hukaa kwenye mbuzi akikuna nazi, mie nikisukuma mahamri. Yeye ndiye hukamua tui, na tui la kwanza huliweka kando kwa mbaazi maana hapendi ziwe maji maji. Mwanzoni majirani walicheka, mwanamume mzima na kifumbu! Kukipambazuka anavaa shati lake la pasi, anapeleka barua za kuomba kazi Shimanzi. Kukuna nazi hakujamfanya aache kuomba ile kazi, na kuiomba hakumzuii kukuna nazi.

Barua hiyo pia inawaambia wauombee mji walimo. Mimi hapo nauombea Mombasa, bandari na wenye yadi, hata waliompunguza mume wangu. Jirani yangu Mwislamu akinikuta nimenuna huniambia Mungu yuko pamoja na wanaosubiri. Kwao ni aya, na mimi huitikia amina.

Siku nyingine hutakuwa na hamu ya amina. Siku hiyo soma Zaburi ya 13 kwa sauti, kabla watoto hawajaamka. Daudi anauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili, wala hakemewi. Ikiwa hata hiyo ni tamu mno kwako, nenda ya 88, ambayo inaishia gizani. Anayekuambia kulia ni kukosa imani hajazisoma hizo.

Ukishindwa kabisa kupata mstari wa ukurasa wa kulia, andika Waebrania 13:5, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Mstari huo hautaji kazi wala mtoto. Mimi huo ndio nimeupigia mstari mara mbili, kwa sababu ndio nisiohitaji kuuwekea alama ya kuuliza.

Maswali ya watu usiyatolee hotuba. "Vipi, bado?" Jibu, "Bado, tuombee," kisha uliza habari za kwao.

Na kama anayengoja ni mwenzako, usiende kwake na hadithi ya binamu yako aliyejibiwa baada ya mfungo. Beba unga na sukari. Ukifika, ukikuta vyombo havijaoshwa, kunja leso uvioshe, na umuache azungumze kama anataka.