Kabla ya kununua mota ya ukutani ya gereji, tazama juu ya mlango

Mota ya ukutani haivuti mlango kutoka darini. Inazungusha shafti (fimbo ya chuma) iliyo juu ya mlango, na kebo za pembeni ndizo zinazoupandisha. Kwa hiyo funga mlango, simama ndani, utazame juu: springi zimezungushiwa shafti hiyo? Endelea, upime nafasi ya ukutani. Zikiwa ndefu, zimelala sambamba na reli, mota hii haikufai hata kama dari ni fupi. Kisha inua mlango kwa mkono hadi katikati (mota ya zamani iwe imeachanishwa). Mlango usipotulia hapo, fundi arekebishe springi kwanza. Usiziguse mwenyewe, zina nguvu ya kuvunja mkono.